Uniti Moja, Kilomita Ngapi?



Gari la umeme la Nissan Leaf lenye betri ya kWh 40 lilipoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2017, Wajapani waliambiwa kwamba likijaa chaji linakwenda kilomita 400. Ulaya waliambiwa 270. Marekani, idara ya serikali inayosimamia mazingira iliandika maili 151, yaani kilomita 243. Gari ni lile lile na betri ni ile ile. Wala hakuna aliyedanganya. Kila upande ulikuwa na kipimo chake cha maabara. Kipimo cha Wajapani wakati huo, JC08, kina mwendo wa wastani wa kama kilomita 24 kwa saa, na hata kinapokwenda mbio hakifiki 82. Kile cha Ulaya, WLTP, kinafika 131. Wamarekani nao huyakata matokeo ya maabara kwa makusudi, ili yasogee karibu na barabara wanayoijua wao.

Sisi je? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo gari la umeme la mtumba linalofika hapa mara nyingi limetoka Japani, na ile 400 ya Japani husafiri nalo melini. Inabandikwa kwenye tangazo jinsi ilivyo. Mnunuzi anaondoka Nairobi ametulia, anafika Emali betri imeshuka nusu, anaanza kumlaani muuzaji. Muuzaji anajitetea kwamba karatasi ndiyo ilivyosema. Wote wawili wanagombania namba ambayo haikupimwa kwenye barabara ya Mombasa, haikupimwa na abiria wanne, wala haikupimwa kiyoyozi kikinguruma.

Ninalotaka kusema leo ni fupi. Ulaji wa gari lako hauko kwenye tangazo, na wala hauko kwenye dashibodi. Uko kwenye mita ya umeme inayolichaji, na utaujua tu ukiuandika.

Tuanze kwa kuweka vipimo sawa, maana hapa watu huchanganya hata redioni. Kilowati ni nguvu: jinsi mota inavyovuta au chaja inavyosukuma kwa wakati mmoja. Kilowati-saa, kWh, ni kiasi: umeme uliotumika ukakwisha. Ile uniti unayonunua kwa tokeni hapa, au kwa Luku kule Tanzania, ni kWh moja. Chaja ya kilowati 2 ikifanya kazi saa tatu imekula uniti 6. Na gari likienda kilomita 100 kwa uniti 16, ulaji wake ni wati-saa 160 kwa kilomita. Unaweza kuligeuza ukasema kilomita sita na robo kwa uniti. Nitarudi kwenye huko kugeuza, maana kuna mtego.

Sasa ukimuuliza dereva gari lake linakula kiasi gani, jibu la kwanza huwa asilimia. “Kutoka Westlands hadi Ruiru na kurudi nimetumia asilimia 30.” Hiyo ni sawa na kuuliza bei ya mkate ukajibiwa kwamba umekula sehemu fulani ya mshahara. Mshahara wa nani? Asilimia 30 ya betri mpya ya kWh 40 ni uniti 12. Asilimia 30 ya betri ya kWh 24 iliyozeeka ikabaki na theluthi mbili za uwezo wake haifiki hata uniti 5. Na lililo baya zaidi, betri yako mwenyewe inapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo asilimia ya leo si asilimia ya mwaka juzi. Huwezi kulinganisha gari na gari, wala gari na lenyewe.

Jibu la pili huwa ile namba ya kilomita zilizobaki. Ile ni utabiri. Kompyuta inatazama ulivyoendesha muda mfupi uliopita, inadhani utaendelea hivyo hivyo, inapiga hesabu. Ukiwa umetoka kuteremka, inakuahidi makubwa. Ukianza kupanda, inajuta. Itumie kuamua kama utafika nyumbani, lakini usiiandike popote.

Jibu la tatu lina uzito zaidi: wastani wa dashibodi, ule unaosema kilomita 6.9 kwa kWh. Huo umepimwa kweli. Lakini umepima umeme uliotoka ndani ya betri tu. Haujahesabu uliopotea njiani wakati wa kuingia. Umeme wa ukutani ni wa kupishana na wa betri ni wa mkondo mmoja. Kugeuza huo kuwa huu kunazalisha joto, na joto hilo umelilipia. Betri nayo hupata joto ikichajiwa. Na muda wote gari likiwa kwenye chaji, kompyuta zake ziko macho, zinakula wati mia kadhaa. Kwa hiyo kuchaji polepole kupitia plagi ya kawaida hupoteza sehemu kubwa zaidi kuliko kuchaji kwa chaja ya ukutani yenye nguvu. Mlo wa hizo kompyuta ni ule ule kila saa, ila saa zimekuwa nyingi.

Tuchukue mfano. Tuseme mwezi mzima mita imesoma uniti 168, na gari limetembea kilomita 1,000. Ulaji halisi ni wati-saa 168 kwa kilomita. Dashibodi ilisema kilomita 6.9 kwa uniti, ambazo ni wati-saa 145. Tofauti ni wati-saa 23 kila kilomita, karibu asilimia 14 ya ulicholipia, na hizo hazikusogeza gurudumu hata nukta moja. Hasara ya asilimia 10 hadi 15 kwa kuchajia nyumbani ni ya kawaida. Ikizidi hapo sana, mwite fundi umeme aangalie waya.

Na kwa kuwa nimetaja waya, tafadhalini: ile ekstensheni inayobeba televisheni na friji haikutengenezwa kubeba ampea kumi kwa saa nane mfululizo. Ikipata joto mkononi, sehemu ya umeme wako inaishia kwenye plastiki, na siku moja plastiki itaishia kwenye pazia.

Mita ya kupimia haina shida kupatikana. Katika bei za umeme zilizoanza 2023, mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, iliweka daraja la pekee la kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 kwa saa ambazo watu wengi wamelala, kabla ya kodi na tozo. Daraja hilo linadai mita yake peke yake. Watu wameitazama mita hiyo kama njia ya kupata umeme wa bei nafuu, na ni kweli, lakini kwangu mimi faida yake nyingine ni kwamba kila uniti inayopita pale ni ya gari. Asiyekuwa nayo, fundi anaweza kufunga mita ndogo kwenye waya wa chaja, baada ya swichi kuu. Kilichobaki ni daftari.

Kwenye daftari andika tarehe, kilomita zilizosomeka na uniti zilizosomeka, kila unapochaji. Kando yake andika maneno mawili matatu: mvua, abiria wanne, kiyoyozi, safari ya Thika. Anza hesabu betri ikiwa imejaa na umalize ikiwa imejaa. Ukianza imejaa ukamaliza imebaki nusu, kuna nusu betri uliyoitumia ambayo mita bado haijaiona, na gari litaonekana la ajabu kumbe hujalipa deni. Ndiyo maana safari moja haitoshi kuhukumu. Kosa la uniti 4 kwenye hesabu ya uniti 40 ni asilimia 10. Kwenye uniti 400 ni asilimia moja. Ukichaji kituoni kwa chaja ya haraka, weka alama, kwa sababu uniti za kwenye risiti ile mara nyingi zimepimwa baada ya umeme kugeuzwa, na ile hasara imebaki upande wa mwenye kituo.

Ukiandika hivyo miezi michache utaona namba inapanda na kushuka, na utataka kujua kwa nini. Hapa ndipo penye utamu.

Mlaji wa kwanza ni hewa. Gari likikimbia linasukuma hewa, na umeme wa kuisukuma kwa kila kilomita unakua kwa mraba wa mwendo. Kwa umbo la Leaf, usawa wa bahari, hesabu inakuja hivi: kwa mwendo wa 80, hewa peke yake inadai kama wati-saa 50 kwa kila kilomita. Kwa 100 inadai kama 80. Kwa 110, ambao ndio mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa magari madogo hapa nchini, inakaribia 100. Matairi kwa upande wao yanadai kama 45 kwa gari lenye abiria wachache, na hayajali sana unakwenda mbio au polepole, ila yanajali upepo: yakilegea, yanadai zaidi. Waziri John Michuki aliposhurutisha matatu kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80, sheria zilizoanza kung'ata 2004, shabaha yake ilikuwa kuokoa roho za watu. Hakuwa na habari kwamba alikuwa pia anauchagua mwendo ambao gari la umeme lingeupenda.

Mlaji wa pili ni mlima, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu watu wanauogopa mlima kupita kiasi na hawaogopi mwendo hata kidogo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Gari la kilo 1,600, pamoja na waliomo, likipanda kutoka Mombasa linahitaji uniti 7.4 za kujiinua tu. Ongeza hasara za mota, sema 8. Si haba: ni sehemu moja kwa tano ya betri ya kWh 40. Lakini huo mlima umetandazwa kwenye kilomita zipatazo 480. Gawanya: wati-saa 16 au 17 kwa kilomita. Sasa rudi kwenye hewa. Kutoka mwendo wa 80 hadi 100 uliongeza 30 kwa kilomita. Dereva anayepandisha mwendo kutoka 80 hadi 100 kwenye barabara ile amejitwika mlima mwingine wa Mombasa hadi Nairobi, na karibu wa pili yake. Halafu akifika Mtito Andei anasema mlima umemmaliza.

Mlima wa kuogopwa ni ule wa ghafla, kama ngazi ya Bonde la Ufa pale Mai Mahiu. Kanuni rahisi kwa gari la uzito huo: kila mita 100 za kupanda wima ni karibu nusu uniti. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu nzuri ya umeme, zaidi ya nusu, ila si wote. Na kuna jambo wanaokaa Limuru wanapaswa kulijua: betri iliyojaa hadi asilimia 100 haina pa kuweka umeme unaorudi. Ukichaji hadi juu kabisa usiku, asubuhi ukaanza siku kwa mteremko, umeme huo haupokelewi, na kazi yote inakwenda kwenye breki za kawaida. Anayekaa juu na kufanya kazi chini asijaze betri mpaka pomoni.

Na hapa ndipo penye ule mtego niliouahidi. Tuseme unashuka kilomita 20 kwenda bondeni, dashibodi inasema kilomita 20 kwa uniti. Unarudi kupanda zile zile 20, inasema 4. Wastani? Wengi watajumlisha 20 na 4, wagawanye kwa mbili, waseme 12. Sivyo. Kushuka ulitumia uniti moja, kupanda ukatumia tano. Kilomita 40 kwa uniti 6 ni 6.7. Anayeweka hesabu zake kwa kilomita kwa uniti ataangukia humo kila akijumlisha safari. Wajerumani na majirani zao wanaandika uniti kwa kilomita 100, na kwa ajili ya mtego huu nawasihi mfanye hivyo hivyo. Uniti kwa kilomita 100 zinajumlishika vizuri kwa safari zenye urefu sawa, na kwa safari zisizolingana jumlisha uniti zote, jumlisha kilomita zote, kisha gawanya mara moja tu.

Mlaji wa tatu ni kiyoyozi, na tabia yake ni ya ajabu kwa mtu aliyezoea petroli. Kiyoyozi kinahesabu saa, hakihesabu kilomita. Kikila kilowati moja, kwenye barabara wazi ya mwendo wa 80 kinaongeza wati-saa 12.5 kwa kilomita, jambo dogo. Weka gari lile lile kwenye foleni ya daraja la Nyali saa kumi na moja jioni, joto la Mombasa, mwendo wa kilomita 10 kwa saa: kinaongeza 100 kwa kilomita. Sawa na hewa yote ya mwendo wa 110. Ukikizima na kufungua dirisha kwenye msongamano huo huo, gari la umeme halili karibu chochote, kwa sababu mota iliyosimama haili, tofauti na injini inayounguruma hapo ilipo. Kwa hiyo dereva wa Nairobi, kwenye hali ya hewa isiyodai kiyoyozi, atashangaa kuona kwamba mjini gari lake linakula kidogo kuliko barabara kuu. Hewa ya Nairobi yenyewe, kwa ajili ya mwinuko, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na hilo nalo linasaidia. Dereva wa Mombasa asijilaumu akilinganisha daftari lake na la mwenzake wa Nairobi.

Nimesema mengi kuhusu ulaji. Kuna jambo lingine ambalo watu hulidhania kuwa ni lile lile, nalo ni umbali ambao gari linafika kwa chaji moja. Hayo ni mawili. Ulaji ni jinsi gari linavyotumia; umbali ni ulaji huo pamoja na ukubwa wa betri iliyobaki. Gari la miaka saba linaweza kuwa na ulaji mzuri kabisa, uniti 15 kwa kilomita 100, na bado lisifike Naivasha na kurudi kwa sababu betri imechoka. Daftari lako linakusaidia kutenganisha: ulaji haukubadilika, ila umbali umepungua, basi tatizo ni betri, usimsumbue fundi wa matairi.

Leaf zina historia yake katika hili. Betri yake haipozwi kwa maji, inategemea hewa inayopita. Mnamo 2012, wenye magari hayo mjini Phoenix, Arizona, mahali pa joto kali, walianza kuona viboksi vya uwezo wa betri vikizimika mapema kuliko walivyotarajia. Dashibodi ina viboksi 12 vya uwezo, na cha kwanza kikizimika maana yake umeshapoteza karibu asilimia 15, kwa hiyo ukingojea viboksi umechelewa kujua. Mafundi wanaozijua gari hizi hapa hutumia programu ya simu iitwayo LeafSpy, pamoja na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Inatoa afya ya betri kwa asilimia, na inaonyesha tofauti ya volti kati ya seli na seli. Seli moja ikiwa imeachwa nyuma na wenzake, gari litazima mapema hata kama asilimia ya jumla inapendeza. Anayenunua mtumba bila kuangalia hapo ananunua bodi na viti.

Kuhusu petroli sitakaa sana, kwa sababu hesabu yake mnaijua. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kWh 8.9. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita linateketeza zaidi ya kWh 630 kwa kilomita 1,000, na sehemu kubwa inatokea bomba la moshi na rejeta. Leaf ya mfano wangu, hasara ya chaji ikiwemo, ilitumia 168. Kwa shilingi 16 hiyo ni 2,688 kabla ya kodi. Bei ya lita 71 za petroli pigeni wenyewe kwa bei ya wiki hii. Nisije nikawaharibia jioni.

Sasa ombi langu, na ni kwa watu watatu. Wauzaji wa magari ya mitumba: acheni kuandika kilomita 400. Andikeni ukubwa wa betri kwa kWh na afya yake siku ya kuuza, pamoja na picha ya skrini. Wenye vituo vya chaji: risiti ionyeshe uniti, isionyeshe shilingi peke yake, na iseme zimepimwa wapi. Nanyi madereva, ambao mnatembea kwa wiki umbali ambao wengine hutembea kwa miezi: hakuna maabara ya Japani wala ya Ulaya iliyopima Waiyaki Way saa mbili asubuhi au Likoni saa saba mchana. Mnaopima ni nyinyi. Andikeni uniti na kilomita kuanzia chaji ya usiku wa leo, muweke jina la barabara, mpeane. Aliye na daftari la mwezi mzima tayari, naomba aanze yeye kuuliza maswali, atusomee namba zake.